Sura ya Kuazima Msibani

Mzee Kondo Mwinyimvua alifariki alfajiri, na jua lilipopanda kidogo tu msiba wake ulikuwa umeshaingizwa kwenye ratiba ya kampeni.

Aliyesababisha ni Siwatu, mpwa wake, wala hakukusudia. Alimpigia simu meneja wa kampeni, Bwana Rwegasira, kuomba ruhusa akamzike mjomba aliyemlea. Rwegasira akampa pole, na pole yenyewe ilikuwa ya kweli. Kisha akauliza:

"Ni Kibambale ileile, nyuma ya Pugu?"

"Ndiyo, kaka."

"Watu watakuwa wengi?"

"Alikuwa mpiga picha wa mji mzima. Nani asiyemjua?"

"Basi ruhusa ya nini, dada? Twende wote. Mama Zuhura atahani, wapiga kura wamwone."

Ndiyo maana Siwatu alikwenda kumzika mjomba wake akiwa kazini, kwenye kiti cha nyuma cha gari la kampeni, amejitanda kanga ya msiba na ubao wa kuongozea umelala mapajani. Kando yake mgombea mwenyewe alikuwa ameinua kidevu na kufumba macho, kama mtoto anayepakwa mafuta. Siwatu alimbandika utando usoni taratibu, akianzia kwenye paji la uso na kushuka mashavuni. Ulikuwa mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Alipomaliza akamfunga kola shingoni, akabonyeza ubao kwa kidole gumba, na sura ya mgombea ikapotea.

Katika msafara ule, Siwatu peke yake ndiye aliyekuwa akiijua sura ile iliyopotea. Ilikuwa sura pana ya mwanamke wa makamo, na mwanya mkubwa katikati ya meno, na kovu kidevuni la teke la ng'ombe utotoni. Jina lake halisi lilikuwa Minza Bundala, Msukuma wa Kahama, bibi mifugo mstaafu. Lakini jina la Minza halikuonekana kwenye bango lolote la Kibambale, mji wa Wazaramo. Aliitwa Mama Zuhura, kwa jina la binti yake wa kwanza, na hapo hakuna aliyeweza kusema amedanganywa.

"Weka huzuni," sauti ya Rwegasira ikasema sikioni mwa Siwatu. Yeye alikuwa ofisini mjini, akiyaona yote. "Huzuni ya kiasi. Ukizidisha wataona anaigiza."

"Nimeweka."

"Na Mzaramo amwone Mzaramo. Usisahau."

Angesahau vipi? Wiki nzima ya kwanza walikuwa wakilihangaikia hilo tu. Utando haukuwa na sura moja. Ulikuwa na vijicho vidogo visivyoonekana, na kila kijicho kilimsoma mtu mmoja aliyekuwa akimtazama mgombea: wapi macho yake yanalegea, wapi paji linakunjamana. Kisha ukamrushia mtu huyo, yeye peke yake, uso uliomlegeza. Bibi aliyezika binti alimwona mgombea ana macho ya binti. Kijana asiye na kazi alimwona bosi mwenye huruma. Watu mia wamesimama uwanja mmoja, na kila mmoja anamtazama mtu wake. Kola nayo ilifanya vivyo hivyo kwa sauti: iliyameza maneno ya mgombea kabla hayajafika mbali, ikayatoa upya yakiwa yamelainishwa, ukali wote umeondolewa. Fundi sura alikaa pembeni na ubao, akichunga nyuso zote hizo zisigongane.

Na msimwonee Mama Zuhura peke yake. Mpinzani wake alikuwa na utando wake, tena wa bei mbaya zaidi. Msikitini alionekana mcha Mungu, baa akaonekana mnywaji wa siku nyingi, na siku moja inasemekana alitoka msikitini akaingia baa moja kwa moja bila kubadilishiwa sura, wanywaji wakaficha chupa. Mwaka ule hakuna mgombea aliyetoka nyumbani na uso wake.

* * *

Nyumba ya Mzee Kondo ilikuwa imejaa watu, lakini kimya chake kilimtisha Siwatu tangu mlangoni.

Aliijua nyumba hii kwa makelele. Mama yake alipofariki, Mzee Kondo alimleta hapa amembeba begani, na neno la kwanza alilomwambia mkewe lilikuwa, "Mwantumu, nimekuletea mtu wa kukusaidia kunigombeza." Siwatu alicheka siku ileile aliyomzika mama yake. Hajaisahau, na hajawahi kuacha kushukuru. Alikulia kwenye studio ya mbele ya nyumba, akishika taa, akimtazama mjomba wake anavyowatania wateja mpaka wacheke ndipo apige picha. Ofisi ya pasipoti ilikuwa ikizirudisha picha zake kila mara, kwamba sheria inataka uso mkavu. Mzee Kondo alikuwa akijibu kwamba yeye hajawahi kukutana na mtu mwenye uso mkavu, labda wampelekee mmoja ajifunzie. Yote aliyokuwa akiyajua Siwatu juu ya nyuso za watu aliyajulia pale.

Leo waombolezaji walikaa kwenye mikeka wakinong'ona, kila mtu amelainika. Bi Mwantumu, mjane, alikuwa ukumbini amenyoosha miguu, macho makavu. Mama Zuhura alipoingia, mjane alimpa mkono bila kumtazama usoni, akageukia ukuta. Siwatu akaketi karibu yake, akamshika bega.

"Pole, mkaza-mjomba."

"Sijalia, Siwatu," Bi Mwantumu akanong'ona. "Tangu alfajiri nangoja nilie, na machozi hayaji. Unajua kwa nini? Hakuna hata mtu mmoja aliyemtukana mume wangu."

Siwatu alielewa.

Maana Mzaramo hazikwi kwa heshima tupu. Lazima awepo mtani wake, Msukuma au Mnyamwezi, aje aharibu mambo: amseme marehemu, azuie jeneza mlangoni, adai kuku, awafanye wafiwa wacheke wakati hawataki. Mtani ndiye mwenye ruhusa hiyo, na hakuna anayemkasirikia. Mzee Kondo alikuwa na mtani wake wa maisha, Mzee Ng'wandu, mfanyabiashara wa ng'ombe. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake amsindikize kwa matusi mazito. Ng'wandu akatangulia. Mzee Kondo alikwenda kwenye msiba wake akalikalia jeneza, akisema hainuki mpaka aambiwe Msukuma anakwenda peponi kufanya nini wakati huko hakuna ugali. Aliporudi nyumbani alilia kama mtoto. Kisha akamwambia mkewe, "Sasa mimi nani atanitukana?"

"Jirani je?" Siwatu akauliza. "Mwalimu Maduhu si Msukuma?"

Bi Mwantumu akatikisa kichwa. "Amejaribu, maskini."

Mwalimu Maduhu, kijana mpole aliyepanga nyumba ya pili, alikuwa amekaa pembeni akitazama vidole vyake. Asubuhi alisimama mbele ya watu, akakohoa, akasema marehemu alikuwa, samahani sana, pengine mzembe kidogo, kwa maoni yake, halafu akaomba radhi na kukaa. Hakuwa na kosa. Kizazi chake kilikua na simu zinazosafisha maneno. Ukimwandikia rafiki yako "we mjinga nini," simu ilimfikishia "habari yako." Utani ulikuwa umekufa hivyo, pole pole, bila mtu kuupiga marufuku.

Siwatu aliinua macho. Mbele yake, mkekani, mgombea alikuwa akiwafariji akina mama kwa sura ya Kizaramo. Mtani alikuwa ndani ya nyumba, na ni yeye Siwatu aliyemficha kwa kidole chake.

* * *

Alimvuta mgombea nyuma ya jiko, penye moshi wa kuni na masufuria makubwa ya wali. Kwanza alichomoa kisikizio sikioni, akakifunga kwenye pindo la kanga ili Rwegasira asisikie. Kisha akamweleza yote, kwa haraka, akitazama chini.

"Si ombi la kampeni, Mheshimiwa. Ni langu mimi. Najua sistahili kuliomba."

Kutokea pale Siwatu alipokuwa amesimama, kwa pembeni kabisa, utando ulikuwa unapoteza nguvu, na aliliona kovu la kidevuni likitokeza na kupotea.

"Baba yangu tulimzika Kahama," Minza akasema. "Nilikuwa msichana. Mama alikuwa amegoma kula. Tukafika makaburini, akatokea Mzaramo mmoja, fundi wa reli, ovaroli imejaa grisi, akajilaza ndani ya kaburi. Anasema, kaburi zuri namna hii Msukuma hastahili, nalichukua mimi. Akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Mama alicheka, Siwatu. Alicheka mpaka akashika mbavu, akalia, na jioni ile akala. Baadaye nilimtafuta yule mtu nimshukuru, nikaambiwa amehamishwa. Hata jina lake sikulijua."

"Basi ndiyo, Mheshimiwa?"

"Nitamtania mjomba wako. Ila utando usiuguse."

"Lakini wao wanamwona Mzaramo mwenzao. Mzaramo akimsema Mzaramo msibani si utani, ni tusi."

"Tafuta njia ya kati. Wewe si ndiye fundi?" Kisha akaongeza, kwa sauti iliyochoka, "Mwanangu, nimeizunguka nchi hii nikitibu ng'ombe miaka yote. Josho la kuogeshea mifugo la Kibambale limekauka na kila mbunge analipita. Nikikaa kwenye kile kiti nitalijenga. Wakiniona nilivyo leo, sikai."

Na hilo lilikuwa kweli. Siwatu alikuwa amefanya kazi na wagombea wengi, na huyu alikuwa wa kwanza aliyemwamini. Njia ya kati haikuwepo, yeye kama fundi alijua. Lakini saa ya Alasiri ilikuwa imekaribia na wanaume walikuwa wameshaanza kujipanga, kwa hiyo akasema sawa, atajaribu.

* * *

Jeneza lilitoka chumbani limefunikwa kwa kitambaa cha kijani, mabegani mwa wanaume. Lilipofika ukumbini, Mama Zuhura aliinuka ghafla, akasimama katikati ya mlango, akatanua mikono.

Siwatu, ukutani na ubao wake, alimsikia anavyovuta pumzi. Alijua atasema nini: "Halipiti!" Midomo ilisema hivyohivyo. Lakini kola ilikuwa imeshazinusa nyuso zilizoshtuka, na ikatoa maneno yake:

"Karibuni mpite kwa amani."

Wabebaji wakatazamana. Mtu anawakaribisha wapite, na kauziba mlango.

Minza hakuisikia sauti iliyotoka kwenye kola, kwa kuwa wagombea huzibwa wasisikie sauti ya kola, wasije wakachanganyikiwa. Akaendelea kwa moyo wote. Alichosema Siwatu alikisoma midomoni: mnaharakia wapi na mvivu huyu, aliyekuwa akiamka jua limeshachoka! Kilichosikika ni hiki:

"Mzee wetu alikuwa mchapakazi, akiamka kabla ya jua. Mkinichagua, vijana wote wataamka wakiwa na ajira."

Kuna aliyeanza kupiga makofi, kwa mazoea tu, akaona aibu akaacha.

Siwatu akahangaika na ubao. Alipandisha, akashusha, akaiambia kola iache ukali kidogo upite. Ilikataa. Waliokitengeneza chombo kile walikijaza kila aina ya chuki na kila aina ya sifa, lakini hawakukijaza tusi la mtu anayekupenda. Kwake tusi lilikuwa tusi. Kadiri Minza alivyozidi kutania ndivyo watu walivyozidi kushangaa, na kadiri walivyoshangaa ndivyo kola ilivyozidi kumwaga asali. Mzee Kondo akawa mwadilifu, mnyamavu, asiyependa ngoma. Ikaahidiwa barabara ya lami mpaka makaburini.

"Asiyependa ngoma?" Bi Mwantumu akasema, si kwa sauti kubwa. Alimgeukia Siwatu, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepotea. "Siwatu, wanamzika nani? Huyu si mume wangu."

Siwatu alikuwa amerudisha kisikizio sikioni, maana ubao haukubali kubadilishwa bila hicho. Rwegasira alikuwa anapiga kelele. "Anafanya nini huyo mama? Mtoe mlangoni! Na wewe usithubutu kuzima, nakuambia. Ukizima hapo, mbele ya watu wote hao, umemmaliza. Uso ule si wako, Siwatu. Huna haki nao."

Na hapo Rwegasira alisema kweli, ndiyo maana maneno yake yalimchoma. Uso haukuwa wake. Minza alisema utando usiguswe, alisema wazi, kwa lugha wanayoielewa wote wawili. Kumfunua mtu mbele ya umati bila ridhaa yake ni jambo baya, na Siwatu hakujidanganya kwamba anafanya hivyo kwa faida ya wapiga kura au ya ukweli. Alikuwa anamtaka mjomba wake azikwe yeye, mvivu, mpenda ngoma, asizikwe mtu mwingine kwa jina lake. Ilikuwa kwa ajili yake mwenyewe na yule mama mwenye macho makavu, basi. Kama kuna wa kumlaumu, na amlaumu.

Akaweka kidole gumba juu ya ubao, akazima.

Ukumbi mzima ulishusha pumzi kwa pamoja. Pale mlangoni, aliposimama dada wa huyu na binti wa yule, sasa alikuwepo mwanamke mmoja tu, na wote walikuwa wakimwona yuleyule. Uso mpana uliolowa jasho, na mwanya, na kovu. Utando ulininginia shavuni kama ngozi ya maziwa. Minza alijigusa uso kwa vidole, akaelewa, akamtazama Siwatu. Siwatu hakukwepa macho yake. Hakuna kitu kigumu alichowahi kufanya kama kutokwepa macho yale.

"Nani huyu?" akauliza mmoja wa wabebaji.

Angeweza kuondoka. Gari lilikuwa nje na mlango ulikuwa nyuma yake. Minza akaubandua utando wote, akaufinyanga kiganjani, na alipofungua kinywa, sauti ilikuwa nzito ya kuitia ng'ombe.

"Mnanikodolea macho nini? Hamjaona Msukuma?"

Bi Mwantumu akainuka kutoka mkekani, akamsogelea mpaka wakakaribiana pua.

"Kumbe we' Msukuma."

"Wa Kahama."

"Na siku zote hizi unatupitia hapa na sura zetu za kuazima?"

"Niliziazima," Minza akasema. "Nikajitazama kwenye kioo, nikaona mbaya sana hizi sura za Kizaramo, nimezirudisha. Shikeni wenyewe."

Kisha mahali fulani nyuma, bibi mmoja akatoa mlio kama wa mtu aliyepaliwa, na mlio ule ukageuka kicheko. Bi Mwantumu aliuma midomo. Mabega yalianza kumtikisika.

"Na jeneza halipiti!" Minza akaendelea, mikono imetanuka tena. "Mnamkimbiza wapi mvivu huyu? Nasikia alifungua studio ili apate pa kulala mchana. Nasikia ngoma ikilia Chanika, yeye huku anaacha mteja kwenye kiti amekenua meno. Huko anakokwenda nani atampokea? Malaika watamwambia akae wima, yeye atawaambia wacheke kwanza!"

"Ndivyo alivyo," Bi Mwantumu akasema. "Ndiyo yeye huyo. Ndiyo yeye."

"Nataka kuku, la sivyo tunalala hapa."

"Mpeni kichwa cha kuku," mjane akawaambia watu wa jikoni, machozi yameshaanza kumtiririka, "hicho chake mwenyewe kimejaa ugali!"

Nyumba ikapasuka. Hata wabebaji walicheka, jeneza likayumba mabegani mwao, na shehe akageukia ukuta akifuta macho kwa mkono wa kanzu. Mwalimu Maduhu naye akajikuta amesimama. "Na mimi nataka kamera yake!" akapiga kelele. "Alinipiga picha nikatoka na kidevu kama mbuzi!" Alipoona hakuna aliyekasirika akakaa, anatetemeka kwa furaha. Kuku mzima akaletwa, Minza akampokea akimshika miguu, akampima uzito kwa dharau, kisha akasogea pembeni, akaliachia jeneza njia kwa kichwa kilichoinama.

Bi Mwantumu alimwangukia begani, akalia. Alilia kwa sauti, vile mke anavyomlilia mumewe, na wanawake wengine wakamzunguka. Siwatu naye alilia, ubao umemdondoka miguuni bila yeye kujua. Alikuwa anamshukuru Mungu, na anamshukuru yule mama wa Kahama, na anamshukuru fundi wa reli ambaye pengine mwenyewe ameshazikwa.

* * *

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, ujumbe wa Rwegasira ulikuwa umeshafika. Siwatu hana kazi tena. Sura halisi ya mgombea ilikuwa imesambaa jimbo zima, na mpinzani alikuwa ameshaanza kuonekana Mzaramo zaidi kuliko Wazaramo.

Minza hakuondoka. Alikaa mkekani bila utando, anakula wali wa msiba kwa mkono, na watu walikuwa wakimjia. Si wote walikuja kwa wema. Mzee mmoja wa soko la korosho alisimama mbele yake akasema, "Ulituona wajinga." Minza akajibu, "Ndiyo, mzee. Niliwaona hivyo." Yule mzee alikuwa amejiandaa kubishana. Alisimama kidogo, akaketi, akauliza kama kweli josho linaweza kujengwa.

Siwatu alipiga magoti kando yake. "Mheshimiwa, nimekukosea."

"Umenikosea. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungesemaje?"

Minza alitafuna, akafikiri kwa uaminifu. "Ningesema subiri." Akasukuma sahani katikati yao. "Na jeneza lisingesubiri. Kula. Yule wa reli sikumpata nimshukuru, nilikuwa nimebaki na shukrani yake miaka yote hii sina pa kuipeleka. Leo nimeifikisha. Kwa hilo, ahsante. Kwa hilo lingine tutagombana kesho."

Siwatu akala.

Jua lilikuwa linapungua uani Bi Mwantumu alipokuja kukaa nao. Macho yalikuwa mekundu na uso umetulia. Alijifunika kanga vizuri, akamwelekea Minza.

"Kura yangu hupati, nikwambie mapema."

"Najua, mama."

"Wiki zote hizi ulikuwa ukipita barabarani na sura ya marehemu dada yangu. Nilikuwa nafunga dirisha, nisije nikatoka nikakukimbilia kama mwehu. Hata leo ulipoingia sikuweza kukutazama. Ulijua hilo?"

Minza aliweka tonge chini. "Sikujua. Wala sikutaka kujua, na hiyo ni mbaya zaidi. Naomba radhi."

"Hilo sijakusamehe bado. La leo nakushukuru, nakushukuru sana, tena mbele ya Mungu. Ni vitu viwili, usivichanganye."

"Sivichanganyi."

Jikoni mtu alikuwa anakwangua ukoko, na watoto wanaugombania.

"Mimi nikifa," Bi Mwantumu akasema, "utakuja?"

"Nitakuja. Nishinde nisishinde, nitakuja na uso huuhuu. Nitakutukana mpaka waliokuosha wajute."

Bi Mwantumu akamtazama usoni kwa muda mrefu, kovu, mwanya na yote. Kisha akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Mwaka huu nimeahidiwa lami, maji na hospitali mbili," akasema. "Ahadi hii ndiyo niliyoiamini."